Minada ya serikali Nairobi: matangazo ya kweli hupatikana wapi, na usiondoke bila karatasi gani?

Mchukuzi_Umoja aliuliza:

Habari zenu wadau. Natafuta pikapu au vani ndogo ya kusambazia bidhaa Eastlands, na nikibahatika, viti na makabati ya ofisi. Naambiwa wizara, kaunti, polisi na KRA (mamlaka ya ushuru) hupiga mnada mali iliyochakaa au iliyonaswa. Shida ni kwamba kila nikitafuta mtandaoni napata kurasa za Facebook zenye picha za Probox za KSh 90,000 na nambari ya simu ya kutuma "ada ya usajili".

Matangazo ya kweli hutoka wapi na siku gani? Amana hulipwa vipi? Na gari nikishalinunua, litaandikwa jina langu bila kuzungushwa? Nina KSh 450,000, na hizo ni za kila kitu, kuanzia mnadani hadi gari liwe barabarani.

Karani_wa_Stoo alijibu:

Karibu. Kabla ya kuuliza wapi, uliza nani anauza na anauza kwa sheria gani. Sheria ndiyo inayoamua tangazo litatokea gazeti lipi, na ndiyo inayoamua utapewa karatasi gani. Watu hulia baadaye kwa sababu walichanganya mali za aina tofauti wakaziita zote "mnada wa serikali".

Mali chakavu au iliyozidi ya wizara, shirika la umma au kaunti huuzwa chini ya Sheria ya Ununuzi na Uondoaji wa Mali ya Umma ya 2015 pamoja na kanuni zake za 2020. Kila taasisi ina kamati ya kuondoa mali. Kamati inaweza kupendekeza kitu kihamishiwe taasisi nyingine ya umma, kiuzwe kwa tenda, kiuzwe kwa mnada wa hadhara, kibadilishwe kwa kipya kwa kuongeza pesa, au kitupwe kama taka. Zinazokuhusu wewe ni mbili, tenda na mnada. Kosa la wanaoanza ni kutafuta neno "mnada" peke yake. Wanapitwa na tenda, na kwa maoni yangu magari yenye uhai bado hutoka zaidi huko, kwa sababu umati hauji.

Pa kutafuta:

MyGov hutoka kila Jumanne, ikiwa ndani ya gazeti la kila siku, na nakala yake husomwa bure kwenye mygov.go.ke. Matangazo ya taasisi za serikali yamejaa humo. Usisome vichwa vikubwa tu. Tangazo la kuuza mali mara nyingi limebanwa kwenye ukurasa wa tenda za kununua dawa na kujenga vyoo, mstari mmoja tu.

Gazeti Rasmi la Serikali hutoka Ijumaa, nalo linasomwa bure kwenye tovuti ya Kenya Law. Humo ndimo hutangazwa mali ya forodha, pamoja na magari yaliyotelekezwa kwenye gereji na yadi. Gazeti huandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo fungua nakala ya wiki na utafute "uncollected goods", "customs warehouse" na "disposal". Dakika kumi zinatosha.

tenders.go.ke hukusanya tenda za taasisi za umma. Nyingine siku hizi ziko kwenye eGP, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao, basi tazama pote pawili. Halafu kuna tovuti ya taasisi yenyewe, kwenye sehemu ya tenda.

Jambo moja wengi hawalijui: sheria hiyo inamtaka mkuu wa taasisi awe na mpango wa kila mwaka wa mali atakazoondoa. Maana yake ni kwamba ofisi ya ununuzi inajua mapema kama kuna pikapu tatu zinazongoja. Andika barua fupi ukiuliza, ukitaja Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Si kila ofisi itajibu, lakini zinazojibu hukuokoa miezi ya kuvizia. Na mwaka wa fedha ukikaribia kufungwa Juni 30, stoo nyingi hutaka nafasi, kwa hiyo kuanzia Aprili ongeza macho.

Kitu cha mwisho upande huu: mfanyakazi wa taasisi inayouza, au mjumbe wa kamati yake, haruhusiwi kununua ila pale kanuni zinaposema wazi kwamba anaweza. Mtu akikuambia "mimi niko ndani, nitakununulia kwa jina langu", hapo si msaada anakupa, ni kesi.

Wakala_Embakasi alijibu:

Niongeze ya forodha, maana ndiyo inayovuta watu wengi na ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote.

KRA huuza chini ya sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004, kifungu cha 42. Mzigo ukishashushwa, mwenyewe ana siku 21 za kuuandikisha. Zikipita, unahamishiwa ghala la forodha. Kisha hutolewa tangazo kwenye Gazeti Rasmi: mwenye mali ana siku 30 za kulipa na kuuondoa, la sivyo utahesabiwa umetelekezwa na kuuzwa kwa mnada.

Sasa angalia hapo. Orodha unayoiona Ijumaa bado ni onyo kwa mwenye mali, hata kama imetaja tarehe za kutazama na za kuuza. Mwagizaji akilipa siku ya 29, loti, yaani fungu lile la mali, inatoka. Ndiyo maana orodha ya loti nyingi inaweza kufika siku ya mnada imenyofolewa vibaya. Usipande basi la Mombasa kwa sababu ya loti moja. Piga simu ofisi ya mtunza ghala asubuhi ya siku ya kutazama, ukiwa na nambari ya loti mkononi.

Orodha yenyewe ina safu za nambari ya loti, meli na tarehe ya kufika, nambari ya kontena, mwagizaji, mahali mzigo ulipo na maelezo ya bidhaa. Mtu wa Nairobi aanze na safu ya mahali. Nyingi zitasema Kilindini au yadi za kontena za Mombasa. Zinazokufaa ni za bandari kavu ya Embakasi na za maghala ya uwanja wa ndege wa JKIA. Ukinunua gari lililo Mombasa, gharama ya kulipandisha ni yako, na siku za kuhifadhi zinahesabika.

Maelezo ya bidhaa husomwa kwa shaka. "Bidhaa mchanganyiko" au "vitu vya nyumbani" inaweza kuwa friji mpya au magodoro yaliyolowa. Siku ya kutazama kontena hufunguliwa mlango tu, hushushi mzigo. Unaona safu ya kwanza ya maboksi. Nusa. Harufu ya ukungu mlangoni ina maana ya kutu au uozo huko nyuma. Tazama sakafu na mbao zinazobeba mzigo: zikiwa na rangi mbili, nyeusi chini na nyeupe juu, ni alama ya maji yaliyosimama.

Kwa gari la forodha, kuna kigezo cha umri wa miaka 8. Mwaka 2025, kwa mfano, lililokubaliwa kuingia ni lile lililosajiliwa mara ya kwanza kuanzia 2018, tena lenye usukani wa kulia. Gari likikaa bandarini miaka miwili wakati mwenyewe anagombana na ushuru, linaweza kuzeekea hapo hapo. Kabla ya kuzabuni, uliza kwa maandishi: loti hii itasajiliwa, au ni ya vipuri tu? Jibu la mdomo la mlinzi wa lango usilipeleke NTSA, wanaosajili magari.

Utahitaji PIN ya KRA, yaani nambari ya mlipa kodi, inayofanya kazi. Usingoje siku ya mnada ndipo ugundue kwamba marejesho yako ya miaka mitatu hayajawasilishwa.

Spana_Grogan alijibu:

Hawa wamesema karatasi, mimi niseme chuma.

Siku ya kutazama hupewi ufunguo. Betri haipo au imekufa, na masharti yanasema linauzwa lilivyo na lilipo. Kwa hiyo nenda na tochi, glovu, brashi ya waya, penseli, karatasi nyeupe, spana ya kuzungushia puli ya injini na fundi mmoja. Ukifika usiangalie rangi.

Anza chini. Majani yaliyoota hadi kwenye bampa yanakuambia gari limesimama muda gani kuliko tarehe yoyote ya tangazo. Tairi zenye nyufa ubavuni hesabu ni sifuri, hata kama kashata zake bado ndefu. Chomoa kijiti cha mafuta ya injini. Ukiona rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, gasketi ya kichwa imekwenda au kichwa chenyewe kimepasuka. Fungua kifuniko cha rejeta, pitisha kidole ndani. Ukitoka na utelezi wa mafuta, ni ugonjwa ule ule umeuona kwa upande wa pili. Kisha omba ruhusa uzungushe puli ya injini kwa spana, taratibu. Ikizunguka raundi mbili, una injini. Ikigoma kabisa, una kilo za chuma, na bei yako ishuke hapo hapo.

Halafu tafuta kilichoondolewa. Magari ya serikali hukaa yadi muda mrefu, na muda una vidole. Kwenye Toyota nyingi kompyuta ya injini hukaa nyuma ya droo ya dashibodi upande wa abiria. Ingiza tochi. Ukikuta plagi inaning'inia peke yake, kompyuta imehama. Angalia alteneta, kiwasha injini, pampu ya dizeli, tabo. Tazama ncha za nyaya zilizokatwa. Shaba ikiwa imeingia weusi, ilikatwa zamani. Iking'aa, imekatwa juzi, na kuna uwezekano kingine kikakatwa kabla hujaja kulichukua.

Nambari ya chesisi usiisome kwa macho tu. Kwenye pikapu nyingi hugongwa kwenye fremu, karibu na gurudumu la mbele la kulia. Sugua kutu kwa brashi, weka karatasi juu, pitisha penseli ikiwa imelala hadi nambari zitokee. Linganisha herufi moja moja na ile ya kwenye tangazo. Herufi moja ikitofautiana, usinunue hadi waliotoa tangazo walirekebishe kwa maandishi, kwa sababu NTSA watasoma ya kwenye fremu.

Piga picha za kila upande, ndani ya boneti, na dashibodi. Ukishinda, peleka picha zile siku ya kuchukua.

Kuhusu KSh 450,000 zako: weka mwisho wa nyundo, yaani bei ya juu kabisa utakayotoa mnadani, KSh 270,000. Tuseme breki-dauni (gari la kukokota) ya kulitoa yadi ni 8,000, betri 12,000, tairi nne 32,000, mafuta, filta, mikanda na breki 35,000. Hapo uko 357,000. Zile 93,000 zinazobaki ni za usajili, bima, na kile ambacho hukukiona siku ya kutazama. Na kitakuwepo.

Mchukuzi_Umoja:

Asanteni sana. Spana, hiyo ya penseli nimeiandika. Sasa nina maswali mawili. Nikiona tenda ya bahasha badala ya mnada, nazabuni vipi? Na magari ya serikali yenye namba za GK, ama yale ya kaunti, namba zake zinabadilishwaje?

Bahasha_Moja alijibu:

Tenda niachieni mimi.

Pakua hati ya tenda kwenye tovuti. Mara nyingi ni bure ukiipakua, na ukitaka iliyochapishwa hulipiwa kama KSh 1,000. Ndani kuna jedwali la loti: nambari ya loti, maelezo, wingi, amana, na nafasi ya wewe kuandika bei. Andika bei kwenye loti unazozitaka pekee. Loti usiyoitaka piga mstari, usiandike sifuri.

Kinachoangusha watu si bei ndogo, ni uzembe. Fomu haikusainiwa. Amana imeletwa kwa hundi ya mtu binafsi wakati hati imesema hundi ya benki au risiti ya kuweka kwenye akaunti ya taasisi. Amana ni ya loti mbili, bei zimeandikwa loti tatu. Tarakimu zinasema 185,000 na maneno yanasema laki moja na elfu themanini. Bei imefutwa kwa kalamu nyeupe bila saini pembeni. Nakala ya kitambulisho na cheti cha PIN hazimo. Bahasha imefika saa nne na dakika tano wakati mwisho ulikuwa saa nne kamili, na foleni ya lifti si sababu. Jengo lenye ulinzi lipe dakika arobaini za lango na kitabu cha wageni.

Hudhuria ufunguzi. Hufanyika mara tu baada ya muda kufungwa, na bei za kila mmoja husomwa kwa sauti. Ziandike zote, hata za loti usizozizabuni. Ukifanya hivyo mara nne tano unaanza kujua Hilux ya mwaka fulani kutoka shirika fulani huenda kwa ngapi, na elimu hiyo haiuzwi popote.

Usiongeze bei kwa hasira. Kwenye mnada wa nyundo unaona mwenzako amefika wapi. Kwenye bahasha unapigana na kivuli. Kadiria gharama za Spana hapo juu, toa, andika, funga.

Ukishinda utapata barua. Ihesabu siku zake kuanzia tarehe iliyo juu ya barua, si siku uliyoifungua. Masharti ya kawaida ni kumaliza malipo ndani ya siku 7 au 14, kisha kuondoa mali ndani ya muda uliotajwa. Ukichelewa amana inaliwa, na baada ya hapo kuna ada ya kuhifadhi ya kila siku. Loti anaweza kupewa wa pili.

Kuhusu viti na makabati, dada yako nakuonya: loti za fanicha huchanganywa. "Fanicha mbalimbali, loti 1" inaweza kuwa viti 40 vizuri chini ya rundo la fremu za chuma na printa zilizokufa, na unatakiwa kuondoa vyote. Mabaki ya chuma hayabebwi hivi hivi. Biashara ya vyuma chakavu ina sheria yake ya 2015 na inataka leseni ya Baraza la Vyuma Chakavu, na tangu biashara hiyo ilipopigwa marufuku kwa muda Januari 2022 maafisa wamekuwa wakali barabarani. Kompyuta na printa zilizokufa ni taka za kielektroniki, na mara nyingi hati itasema mnunuzi awe na leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira. Soma kurasa za masharti ya loti kabla ya kupenda picha. Kama unataka viti vyote viwe na magurudumu, hesabu magurudumu siku ya kutazama. Kiti kimoja kina matano.

Karani_wa_Stoo:

Dada amesema vyema. Nijibu la namba.

Gari la GK haliwezi kutembea barabarani kwa mtu binafsi likiwa na namba hizo. Lazima lisajiliwe upya na kupewa namba za kiraia. Gari la kaunti lina namba zake pia: zinaanza na nambari ya kaunti kisha CG, kwa hiyo la Nairobi huanza na 47CG. Nalo vilevile. Mashirika mengi ya umma hutumia namba za kawaida za K, na hizo ndizo rahisi, kwa sababu ni uhamisho wa kawaida wa umiliki.

Usitoke yadi bila hivi: barua ya kukubaliwa kama mshindi, risiti rasmi ya malipo yote, barua ya mauzo inayotaja nambari ya chesisi na ya injini, barua ya kuruhusu gari litoke langoni, na logibuku (kitabu cha umiliki wa gari) au nakala yake pamoja na barua inayoeleza ya asili iko wapi. Kwa GK omba pia nakala ya ripoti ya ukaguzi wa idara ya mitambo na uchukuzi, ile iliyotumiwa kuweka bei. Ripoti hiyo ina hali ya gari siku lilipotathminiwa, na inasaidia ukibishana kuhusu vitu vilivyopotea.

Kisha mambo yanahamia NTSA kupitia eCitizen. Uhamisho huanzishwa na muuzaji kwenye akaunti yake, nawe unaukubali kwenye yako. Hapa ndipo watu hukwama miezi. Akaunti ya taasisi iko mikononi mwa afisa mmoja, amehamishwa au amestaafu, na anayekuja hana nywila. Kabla ya kumaliza malipo, muulize afisa wa uchukuzi kwa jina nani ataanzisha uhamisho na lini, na uandike jibu kwenye barua pepe. Gari la kusajiliwa upya litapelekwa ukaguzi, kwa Nairobi kituo ni cha Likoni Road, na litaenda huko juu ya breki-dauni kama halina namba halali. Namba mpya za kidijitali ni KSh 3,000.

Fanya msako wa gari kwenye mfumo wa NTSA kabla ya kuzabuni, ni kama KSh 550. Ukiona jina la benki pamoja na la mwenye gari, kuna mkopo, na muuzaji lazima alete barua ya benki ya kuachilia.

Mdau_Kirinyaga_Road alijibu:

Nyote mmesema kana kwamba ni uwanja wa haki. Kwenye mnada wa nyundo kuna kundi la wafanyabiashara wanaojuana. Wanagawana loti kabla, mmoja anazabuni, wengine wananyamaza, kisha wanarudi kugawana faida hotelini. Mgeni akitokea wanampandishia hadi apite kiasi, halafu wanamwachia. Mimi namshauri anunue gari la mtu, amalize.

Bahasha_Moja:

Kundi lipo, sikatai. Kupanga bei namna hiyo ni kosa chini ya Sheria ya Ushindani ya 2010, ingawa kulithibitisha uwanjani si mchezo. Lakini wao wananunua ili wauze. Wanahitaji faida juu ya bei ya nyundo na juu ya matengenezo. Anayenunua kutumia anaweza kuwazidi kwa elfu thelathini na bado akawa chini ya bei ya yadi za kuuza magari za Ngong Road. Wakikupandishia, kinga ni ile namba ya mwisho uliyoandika ukiwa nyumbani. Na ujue, kwa Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, unaweza kuondoa zabuni yako kabla nyundo haijagonga. Ikigonga, umenunua.

Wakala_Embakasi:

Na tenda za bahasha ndizo dawa ya kundi. Hawawezi kumpandishia wasiyemwona.

Sajili_Milimani alijibu:

Hakuna aliyegusa magari ya polisi na yaliyokokotwa na kaunti, na ndiyo yanayotajwa zaidi kwenye hizo kurasa za Facebook.

Gari lililonaswa halimilikiwi na aliyelinasa. Polisi au kaunti wakitaka kuuza magari yaliyokaa kituoni bila mwenyewe, tafuta amri ya mahakama kwenye tangazo: jina la mahakama, nambari ya maombi na mwaka. Chukua nambari hiyo uende sajili ya mahakama iliyotajwa, au uitafute kwenye mfumo wa kielektroniki wa Mahakama. Soma amri yenyewe. Iwe inataja gari lako kwa namba ya usajili au chesisi, na iwe inaagiza NTSA kumwandikisha mnunuzi. Amri inayosema "yauzwe" bila kumtaja msajili itakurudisha mahakamani kuomba nyingine, kwa gharama yako, kwa sababu mwenye gari wa zamani hatakuja kuanzisha uhamisho eCitizen.

Yaliyoachwa kwenye gereji na yadi za watu binafsi huuzwa kwa Sheria ya Bidhaa Zisizochukuliwa, Sura ya 38. Hiyo si mali ya serikali hata kama tangazo liko kwenye Gazeti la Serikali. Usichanganye.

Na kuna mnada wa madalali wa mahakama, wa madeni. Dalali mwenye leseni anafuata Kanuni za Madalali za 1997. Kwa mali inayohamishika anampa mdaiwa siku 7 za kukomboa, na mauzo hayafanyiki kabla ya siku 7 tangu tangazo la kwanza la gazeti wala baada ya 14 kufuata hapo. Mdaiwa anaweza kulipa asubuhi ya mnada au kuja na zuio la mahakama. Hapo amana yako inarudi, nauli hairudi. Usajili wa dalali uthibitishe kwa Bodi ya Leseni ya Madalali kabla ya kutoa pesa.

Zile Probox za KSh 90,000: linganisha na haya. Tangazo halali lina nambari ya tenda, amri au loti, siku za kutazama, mahali pa kutazama, na halikukatazi kwenda kuangalia. Malipo ya serikali kuu yanapitia eCitizen, Paybill 222222, au akaunti ya benki yenye jina la taasisi. Nambari ya simu ya mtu, "ada ya usajili", na "gari litaletwa mlangoni" ni wizi, hata kama kuna nembo ya KRA juu ya picha.

Mchukuzi_Umoja:

Nimeelewa. La mwisho: mnada wa nyundo, amana ya kupewa namba ya kuzabunia na ile asilimia 25 ya bei inayodaiwa mshindi ni kitu kimoja?

Bahasha_Moja:

Hapana. Ya kwanza ni ya kukuingiza uwanjani, kiasi chake kimeandikwa kwenye tangazo, na usiposhinda unarudishiwa. Lete hundi ya benki kama ndivyo ilivyoandikwa, wengi hukataa pesa taslimu. Asilimia 25 hulipwa nyundo ikigonga, siku hiyo hiyo, ya bei uliyoshinda. Kwa 270,000 ni 67,500. Hakikisha kikomo chako cha M-Pesa cha siku na salio la benki vinaruhusu, na uombe risiti mbili tofauti. Ukipewa moja iliyojumlisha zote, kurudishiwa amana ya kwanza kutakuwa safari nyingine.